Daftari Langu la Namba za Siri

Wiki iliyopita nilikuwa Mikumi, nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai, karibu na pale mabasi yanaposimama abiria wachimbe dawa. Pembeni yangu akaketi kijana mwenye begi la mgongoni na simu kubwa kama sahani. Akailaza simu mezani, akabonyeza namba nne kulipia chai yake, kisha akageuka kutafuta sukari. Nilijizuia. Nawaapia, nilijizuia kwa muda wote wa kumeza funda moja.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo namba yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa, au nimekosea?"

Aliikwapua simu kama anamwokoa kifaranga kwa mwewe. "Shikamoo, mama. Wewe umejuaje?"

"Marahaba. Kidole chako kimeanzia juu katikati, kikashuka chini kabisa mara mbili, kikapanda tena juu kushoto. Nyie wa elfu mbili na moja mnajulikana kwa mbali."

"Mama, wewe mchawi?"

"Nilikuwa fundi simu Kilosa. Ni karibu sawa."

Mama muuza chai akacheka. "Mwache huyo, ndivyo alivyo. Kila anayekaa karibu naye lazima abadilishe namba kabla chai haijapoa."

Kazi ile nimeiacha miaka kadhaa sasa. Watu waliokuwa wakiniletea simu kuchaji wana sola juu ya paa, na simu za siku hizi zimegandishwa gundi. Ukitaka kuzifungua lazima uwe na moto, subira na bima. Wanangu wananiambia, mama, kaa upumzike. Ninakaa. Baada ya dakika tano nimesimama. Nikipita mahali nikamwona mtu anamwachia fundi simu yake pamoja na laini ndani, najikuta nimeshasimama mbele yake. Nikisikia mtu anamtajia wakala namba ya siri kwa sauti, kama anaagiza nyama, naondoka haraka nisije nikamzaba kofi. Kwa hiyo nawaandikia ninyi vijana mnaofungua vibanda vya simu na uwakala, ili wasiwasi huu angalau tugawane.

Nianze na elimu yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Nilisomea utawala chuo kikuu. Masomo yaliniandaa kuendesha shirika la umma, na nilipohitimu, mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa. Niliajiriwa mahali pamoja, tukabinafsishwa, tukapunguzwa. Nikarudi nyumbani Kilosa na cheti changu ndani ya mfuko wa plastiki. Babu yangu alikuja hapa kukata mkonge na baba alizaliwa kambini. Mimi ndiye niliyetegemewa kuvunja mwiko. Nilichovunja kwanza ni kioo cha simu ya mteja.

Zama zile za soko huria kila kitu kilikuwa kinaingia. Iliingia mitumba, zikaingia redio, halafu zikaja simu zilizokwishatumiwa na watu wa nchi za mbali. Nilinunua fungu la kwanza, nikazifungua moja moja, na ndani nikakuta watu: harusi, mtoto anapuliza mishumaa, barua za mapenzi za mtu na daktari wake. Wenyewe walidhani wameuza simu. Hapo ndipo mngetegemea mimi nipate somo. Sikupata. Niliziangalia zote, nikamwonyesha na jirani.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Nasoro. Baba yake aliletwa na reli, naye akafanya kazi stesheni kwa miaka mingi akipokea simu za maandishi, zile za nukta na mistari. Alipostaafu akawa anatengeneza redio kwenye kibanda chake, nami nikaomba nusu ya meza. Yeye upande wa redio, mimi upande wa simu. Hakupenda simu. Alisema ni redio iliyokosa adabu, inaongea hata haijawashwa.

Siku moja wakati nachaji simu ya mwalimu mmoja, ujumbe ukaingia na nikausoma. Ulikuwa wa mapenzi, na ulikuwa na makosa mengi ya tahajia kwa mtu anayempenda mwalimu. Nikacheka. Mwalimu akatokea, akanikuta na simu yake mkononi na meno nje. Alilipa, akachukua simu, na tangu siku ile akawa anatembea mpaka upande wa pili wa mto kuchaji.

Mzee Nasoro akaniambia, "Mimi nilipokea habari za mji huu wote. Fulani amefariki, fulani amejifungua, fulani arudishe mke wa watu. Nikishamkabidhi mwenyewe karatasi yake, nimesahau. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kusahau. Kupokea hata nyani angejifunza."

Nikasema nimeelewa. Msomi huwa anasema ameelewa.

Sasa niwaeleze tulivyofanya kazi, maana bila hivyo hamtaelewa upumbavu wangu ulivyokuwa na mantiki. Watu walitoka Tindiga, Kidete na vijiji ambavyo nguzo za umeme zilikuwa bado ni ahadi. Asubuhi mtu anaacha simu, anakwenda sokoni, hospitali au mahakamani, na alasiri anairudia kabla usafiri haujaondoka. Nilimpa kizibo cha soda nilichokigonga namba kwa msumari, na namba hiyohiyo nikaiandika kwenye plasta mgongoni mwa simu. Lakini simu haikai kimya kwa kuwa tu inachajiwa. Pesa inaingia kutoka kwa mtoto aliyeko Dar es Salaam, au mgonjwa anaomba nauli, na mwenye simu yuko sokoni. Kwa hiyo mteja aliponipa simu aliniinamia sikioni na namba ya siri: "Dada Fundi, ikiingia, mtumie fulani. Namba ni hii." Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu, kumficha anayekusaidia ni kumwita mwizi. Ukifunika simu kwa kiganja mbele ya jirani, mtaanza kusalimiana kwa mbali.

Na waliojaribu kutunza wenyewe hawakufanya vizuri zaidi. Mzee mmoja wa Magole aliichonga namba yake kwenye mpini wa jembe ili asiisahau, kisha akaliazimisha jembe.

Mwanzoni nilizihifadhi namba kichwani. Wateja wakaongezeka, nikaanza kuchanganya. Ndipo utawala niliosomea ukaamka. Nikanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikapiga mistari kwa kalamu nyekundu: jina, anakotoka, namba ya simu, namba ya siri, ndugu wa karibu. Majina yalipangwa kwa vijiji. Sikuwahi kuandika kitu kizuri namna ile hata chuo kikuu.

Mzee Nasoro alilitazama juu ya miwani. "Hili la nini?"

"Kumbukumbu, mzee. Siku hizi kazi inaendeshwa kwa mfumo."

"Haya," akasema, akarudi kwenye redio yake. "Mfumo."

Halafu siku moja akaja mtu asubuhi, kabla jua halijakaa vizuri. Viatu vyake viling'aa. Katika vumbi lile, viatu vinavyong'aa vingetosha kuniambia kwamba hakuwa ametembea kutoka ofisi yoyote ya pale. Shingoni alining'iniza kitambulisho kwa kamba pana. Alisema ametoka kampuni ya simu, wanahakiki usajili wa laini wilayani. Akachanganya na Kiingereza, nami nikamjibu kwa Kiingereza. Miaka yote ile hakuna mtu Kilosa aliyekuwa ameniuliza kitu kwa Kiingereza, na nilikuwa na njaa nayo.

Akaliona daftari. "Dada, hii umeitengeneza wewe mwenyewe?"

"Kidogo kidogo tu," nikasema.

"Ofisini kwetu kuna watu wenye magari ya kampuni hawawezi kupanga hivi." Akapitisha kidole kwenye mistari yangu myekundu. "Ningepata kopi, ningewaonyesha wakubwa. Nivuke hapo steshenari, nirudi sasa hivi?"

Nilimpa. Nisiwadanganye kwamba nilisita. Nilimpa na mfuko wa plastiki, daftari lisipate vumbi.

Nusu saa ikapita. Nikavuka barabara. Mwenye steshenari alikuwa amekaa nje anakuna mguu. "Kopi? Dada Fundi, mashine yangu imeharibika tangu juzi. Si wewe uliyesema utakuja kuiangalia?"

Shabani, mwendesha bodaboda tuliyezoeana naye, alikuwa chini ya kivuli cha duka. "Yule mwenye viatu? Kapanda gari la Mikumi. Alikuwa na haraka, hata chenji hakungoja."

Nilirudi kibandani. Mzee Nasoro hakuwepo. Alikuwa amekwenda kunywa chai. Nikabaki peke yangu na simu za watu zinawaka taa nyekundu na kijani.

Mtu akiwa na namba yako ya siri peke yake, bado hajakuibia. Anahitaji na laini. Lakini miaka ile laini ilirudishwa kirahisi mno. Unakwenda kwa wakala mji mwingine, unasema nimepoteza simu, unataja jina, namba, ndugu wa karibu, na namba tatu ulizopiga mwisho. Unapewa kadi mpya, na kadi iliyoko kwenye simu ya mwenyewe inakufa papo hapo. Mjini mtu angeshtuka. Kwetu kijijini mtandao ukipotea mtu anasema leo kuna upepo, anaendelea kupalilia. Mteja wangu mmoja wa Kidete alikaa siku mbili na simu isiyoshika mtandao, wakati jirani yake anaongea na ndugu zake Dodoma. Yeye anaipiga simu kofi tu. Siku ya tatu akapanda kuja Kilosa, akaniletea mimi niitengeneze. Huyo hatukumuwahi. Nilipomweleza kilichotokea alibeba simu yake akaenda kwa fundi mwingine, kwa sababu hakutaka kuamini. Kwa hiyo mkisahau yote, likamateni hili: mtandao ukikupotea wewe na mwenzako wa mtandao huohuo anaongea, usiipige simu kofi. Kimbia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile nilikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo halikuwa wateja. Lilikuwa jina langu. Nikachukua simu nikaanza kuwapigia ninaowakumbuka.

"Kampuni imeagiza," nikamwambia wa kwanza, dereva wa trekta, "kila mtu abadilishe namba ya siri leo."

"Hakuna shida, Dada Fundi. Nibadilishie. Si unayo?"

Wa pili akaniambia hivyohivyo, akaongeza kwamba nimchagulie namba nyepesi. Wa tatu akasema yuko shambani, kampuni imsubiri.

Nilipokata simu, Mzee Nasoro alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake. "Kampuni gani hiyo imeagiza?"

Nikamweleza. Nilitegemea anikumbushe habari ya daftari, nikaandaa na majibu. Hakuligusa kabisa.

"Kwa hiyo asubuhi amekuja mtu akasema ametoka kampuni, ukamtii," akasema. "Na wewe sasa unawapigia watu wako wote, unawafundisha kwamba anayesema ametoka kampuni atiiwe. Kesho yule bwana akiwapigia mwenyewe, watasema ndiyo, hata Dada Fundi alituambia."

"Mzee, nikisema ukweli nani ataniletea simu tena?"

"Hakuna. Piga."

Nikawapigia tena wale watatu. Nikasema nimempa mwizi daftari lenye namba zao kwa mikono yangu, na kwamba namba mpya wasinitajie mimi wala mtu yeyote. Dereva wa trekta alinitukana mpaka vocha yangu ikaisha. Nikakwangua nyingine, nikaendelea na wengine. Daftari lenyewe sina, na katika kukumbuka majina nikagundua kwamba kichwa changu kilikuwa kimeacha kazi tangu nilipolinunua.

Jina lililokuwa linanichoma sikuweza kulipigia. Mama Eliza wa Tindiga alikuwa na kawaida ya kuzima simu mchana kutunza chaji, anaiwasha jioni tu.

Mama Eliza alikuwa mjane wa makamo ya mama yangu, mkulima wa mpunga, na mhazini wa kikundi cha akina mama pale kijijini. Kila mavuno walichanga ili wanunue mashine yao ya kukoboa, waache kuuza mpunga mbichi kwa walanguzi wanaoufuata shambani na bei yao mfukoni. Zamani michango ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mama, sanduku linabebwa. Weka kwenye simu." Akawashawishi wenzake, wengine wakamkatalia, akasimama mbele yao akasema anamwamini Dada Fundi. Mashine ilikuwa imepatikana. Walikuwa wanangoja tu fundi wa kuifunga, ndipo wailipie. Na mhazini aliyemtangulia alipungukiwa kidogo tu, na hata baada ya kulipa hakuna aliyekaa naye benchi moja kanisani. Fedha ile ikipotea, mwizi angekuwa na viatu vyake mjini, na Mama Eliza angeitwa mwizi Tindiga mpaka azikwe.

"Shabani," nikasema, "Tindiga. Na usiniulize kitu njiani."

Aliniuliza njia nzima.

Tulimkuta shambani, amezama mpaka magotini. Alipoona bodaboda inayumba juu ya tuta akajua si habari njema. Habari njema kwetu hutembea kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Simu yako iko wapi?"

Ilikuwa kifuani, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko wa chumvi. Akaiwasha. Pale chini mtandao haukufika, tukapanda kichuguu kilichokuwa pembeni ya shamba, kilichopigwa nyayo mpaka kikang'aa kwa watu kupigia simu. Akainyoosha simu juu. Kama imekufa, nilijiambia, nitajua sasa hivi. Simu ilitafuta, ikatafuta. Shabani chini alizima pikipiki kana kwamba kelele ndiyo inayozuia.

Mnara mmoja ukasoma. Halafu miwili.

"Haya, sema," akasema Mama Eliza. "Umekuja mbio hivyo kunisalimia?"

Nikamwambia. Sikuweka kampuni, sikuweka mfumo. Nilisema kulikuwa na daftari, nikalitoa, na jina lako limo.

Akateremsha simu. "Uliandika?" akauliza.

"Niliandika, mama."

"Mimi nilikuambia kwa mdomo."

Sijawahi kusikia sentensi iliyonikata kama ile, na nimewahi kusomewa barua ya kupunguzwa kazi.

"Tubadilishe sasa hivi," nikasema, "kabla hajawahi. Utabonyeza wewe mwenyewe. Mimi nitageuka."

"Ugeuke uende wapi? Macho yangu hayaoni maandishi madogo. Bonyeza wewe, tumalize."

"Hapana, mama. Sitaki kuijua."

"Tangu lini?"

Nikageuka. Nikatazama mpunga. Nikaanza kumtajia hatua kwa kumbukumbu: bonyeza nyota, bonyeza hii, itakuletea orodha.

"Imeleta. Inasema nini?"

"Sijui, mama, siioni."

"Fundi gani huoni simu!"

"Shuka mpaka mstari wenye neno siri. Linaanza na herufi kama nyoka aliyesimama."

"Nyoka wako wawili."

"Huyo wa pili."

Shabani chini akaanza kucheka, Mama Eliza akamrushia bonge la udongo. Akabonyeza. Simu ikalia ule mlio mfupi wa kukataa. Ukikosea mara tatu inajifunga, na kuifungua ni mpaka mjini. Nilitamani kuipokonya. Nilikamatanisha mikono yangu mwenyewe kama mtu anayemshika mwizi.

"Umeandika ya zamani kwanza?" nikauliza.

"Ala! Nimeandika mpya."

"Ya zamani kwanza, halafu mpya, halafu mpya tena. Na isiwe mwaka wa kuzaliwa."

"Mwaka wangu wa kuzaliwa hata mimi siujui," akasema. "Tulia basi, unanitetemesha na wewe."

Nilisikia vidole vyake, polepole, kimoja kimoja, kama mtu anayefukia mbegu. Kisha mlio wa ujumbe. Sikugeuka. Akaisogeza simu mbali na macho, akaanza kuusoma mwenyewe, silabi kwa silabi, sauti ile ya kanisani: "U-me-fa-ni-ki-wa ku-ba-di-li..." Hakumalizia. Akakaa chini juu ya kichuguu, akajifuta uso kwa kitambaa kilichokuwa kimefunga simu.

Na simu ikaita.

Ilikuwa namba tusiyoijua. Akaniangalia, mimi nikanyoosha mkono niichukue, yeye akauinua wake kunizuia. Akapokea. Simu zile za tochi zilikuwa na sauti kubwa. Nilimsikia yule mtu vizuri, sauti ileile iliyosifu mistari yangu.

"Shikamoo, mama. Naongea na mama Eliza? Mimi natoka kampuni ya simu, tunahakiki laini yako isifungwe."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Naomba tu unitajie namba tatu ulizopiga mwisho, nimalize kazi."

"Tatu?"

"Tatu tu, mama."

"Wewe ni wa wapi, baba?"

"Mimi niko ofisini, mama, Morogoro."

"Sikuulizi ulipo. Nakuuliza kwenu ni wapi."

"Mama, laini itafungwa sasa hivi."

"Ifunge," akasema Mama Eliza. "Ukiifunga, nitashuka hapa nikalime. Lakini hizo namba tatu ni za watu, na watu wenyewe sijawauliza kama wanataka kujulikana na wewe. Ngoja niwaulize, halafu wewe upige tena."

Yule akakata. Hatukumsikia tena, sisi wala polisi tuliokwenda kuwaeleza. Nami nimefundisha watu wengi tangu siku ile, nimewachorea na mabango, lakini sijapata kutunga jibu linalofikia lile la mama aliyeshindwa kutofautisha nyoka wawili.

Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kushuka kichuguu, kichwani nahesabu wa Kidete na wa Magole, namwita Shabani awashe. Mama Eliza alikuwa bado amekaa.

"Hapa Tindiga tuko wangapi kwenye daftari lako?"

Nikajaribu kukumbuka. "Sita. Labda saba."

"Na wewe ulikuwa unaondoka."

"Nilidhani wewe utawaambia, mama. Wanakuamini."

"Waliniamini mimi nikawaambia wakuamini wewe. Sasa nikawaambie nini, kwa mdomo wangu?" Akasimama, akafunga khanga vizuri kiunoni, akavaa kandambili zake. "Twende."

Tulianza na nyumba ya katibu wa kikundi, yule mama aliyepinga fedha kuwekwa kwenye simu. Alikuwa anapepeta. Alitutazama tunavyokuja: mhazini wake ana matope mpaka magotini, fundi wa mjini ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaweka ungo chini. Nikafungua mdomo, na nawaambia ukweli, vijana, maneno yaliyokuwa yanakuja ni yale mazuri, ya kuzunguka, ya mtu aliyesoma utawala. Mama Eliza aliyasikia kabla hayajatoka. Akanishika kiwiko.

"Sema," akaniambia, "kama ulivyoniambia mimi."

Nikasema.